Msumeno wa Milanzi

Inspekta Msaidizi Debora Masanja alikata lakiri ya polisi kwa wembe, akausukuma mlango wa bati wa karakana, kisha akanyoosha mkono kumzuia Bruda Isdori asipite.

"Usiguse kitu kwanza, Bruda."

"Sikuja kugusa," Bruda alijibu. "Nataka kuona plagi iko wapi."

Plagi ilikuwa ukutani, imechomekwa. Bruda alipita pembeni, mbali na doa la damu iliyokauka sakafuni, akaichomoa na kuiweka juu ya meza ya mashine, mahali ambapo wote watatu waliiona.

"Sasa tunaweza kuongea," alisema. "Mashine hii plagi yake ikiwa ukutani, hata kama imezimwa, hata kama mji mzima hauna umeme, mimi nahesabu kwamba inazunguka."

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, mwezi Juni, na ukungu ulikuwa bado haujainuka Milanzi. Modesti, seremala wa karakana ile, alikuwa amefia pale Jumamosi, mkono wake wa kushoto umechanwa na msumeno wa pembe: ule msumeno wa umeme wenye bledi ya duara, ambao fundi anaushusha kwa mpini kukata mbao kwa mshazari ili pembe za fremu zikutane. Kituoni hapakuwa na askari hata mmoja aliyewahi kuutumia. Ndiyo maana Debora alikuwa amemwomba Bruda Isdori, mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi cha misheni, aje auangalie.

Mtu wa tatu alikuwa Flavian, mwenye karakana. Zamani jengo lile lilikuwa la ushirika. Ushirika ulipokufa na mali zake kuuzwa, Flavian alinunua kiwanja, paa na mabenchi, akaleta jenereta na ule msumeno, vyote vimekwisha tumika, kupitia Tunduma. Siku hizi kila aliyejenga duka au nyumba ya wageni Sumbawanga alitaka madirisha kwake, na hakuna aliyekuwa tayari kungoja.

"Nieleze tena," Debora alimwambia.

"Nimeshaandika maelezo, afande. Nikasaini."

"Nieleze kwa mdomo."

Flavian aliingiza mikono katika mifuko ya koti. "Jumamosi umeme wa mji haukuwepo. Tukawasha jenereta. Mafundi wengine niliwaruhusu wakavune, akabaki Modesti peke yake. Asubuhi akaja yule Msukuma, Mboje. Alituletea mbao zake za mninga tumtengenezee mkokoteni wa ng'ombe, akakuta zimekatwa kwa kazi nyingine. Wakagombana. Akamwambia Modesti, 'Utajuta.' Majirani walisikia. Modesti akatoka kwenda chooni, Mboje akabaki humu ndani na mashine. Kisha akaondoka zake. Modesti akarudi kazini, mimi nikaenda nyuma kwenye jenereta. Nikasikia sauti ya msumeno imebadilika. Nikazima jenereta, nikaja mbio. Nikamkuta amekwisha kata roho."

"Ulipofika tu?"

"Nilipofika tu."

"Na Mboje alifanya nini kwenye mashine?"

"Alilegeza bledi. Haiwezi kuwa kitu kingine. Bledi ikaruka, ikamkata."

Debora alimgeukia Bruda. Bruda alikuwa ameshatoa spana mfukoni, anaitafuta nati ya katikati ya bledi.

"Nati hii ina tabia yake," alisema. "Nati nyingine unazifungua kwa kuzungusha kushoto. Hii inafunguka kulia. Wameifanya hivyo ili bledi inapozunguka isiifungue yenyewe. Asiyejua, akidhani anailegeza, atakuwa anaikaza." Akaibana bledi isizunguke, akajaribu nati upande huu na upande ule. Haikutikisika. "Imekaza. Na bledi haijapinda wala haijatoka mahali pake. Hakuna kilichoruka."

"Hakuna kabisa?"

"Kabisa. Ila meno yamekufa, na utomvu umeigandia kama ukoko wa ugali. Bledi butu inamlazimisha fundi kukandamiza kwa nguvu. Ingetakiwa kunolewa zamani." Akashika mpini, akaushusha taratibu, akauinua. Kinga nyeusi ya plastiki iliyozunguka meno ikafunguka, kisha ikajirudisha: tap. Akarudia. Tap. "Na kinga inafanya kazi. Ukishusha mashine kwenye mbao, inajifungua. Ukiinua, springi inairudisha, meno yote yanafunikwa."

"Basi alikatwaje?"

"Jeraha liko wapi hasa?"

Debora alikunja mkono wa sweta yake, akachora kwa kidole upande wa ndani wa kigasha, kutoka karibu na kiwiko hadi juu kidogo ya kifundo cha mkono.

Bruda alisimama mbele ya mashine kama anayefanya kazi. Mkono wa kulia kwenye mpini, wa kushoto kwenye mbao ya kufikirika, mbali na bledi. "Amemaliza kukata. Anaachia swichi, anainua mashine. Hapo bledi bado inazunguka, haisimami mara moja. Wanafunzi wangu nawaambia: kaa hivyo hivyo, usiinue, usiguse, mpaka usikie kimya. Yeye hakungoja. Akapeleka mkono wa kushoto kuchukua kipande kilichokatwa, akaupitisha mbele ya meno. Jeraha la hivyo linatokea hapo." Akaigonga kinga kwa kifundo cha kidole. "Lakini kinga ikiwepo, mkono ungegonga plastiki. Angechubuka tu."

Nje, pikipiki ilipita ikielekea mjini.

"Mashine hii inasafishwa?" Debora aliuliza.

"Haijasafishwa tangu ije," Bruda alijibu. "Tazama, maranda yameshikana na utomvu kila mahali. Kwenye springi, kwenye bawaba, kwenye matundu ya kupozea mota. Isipokuwa kinga. Kinga ni safi kama sahani."

"Niliipangusa mimi," Flavian alisema. "Damu ile. Sikutaka mkewe aione."

"Ukapangusa kinga, ukaacha sakafu?" Debora aliuliza.

Flavian aliitazama sakafu.

"Nilianzia juu," alisema.

*

Mboje alikamatwa Laela jioni ile ile ya Jumamosi, kwenye kituo cha mabasi. Mgambo walimpiga kwanza, ndipo wakamleta. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba. Alipomwona Debora anaingia mahabusu alikaa sawa juu ya simenti.

"Mwangaluka," alimsalimia kwa Kisukuma.

"Tutaongea Kiswahili, Mboje. Maelezo yanaandikwa kwa Kiswahili, na konstebo huyu anayeandika lazima aelewe kila neno. Ulimwambia marehemu atajuta?"

"Nilimwambia. Mbao zangu zimekuwa madirisha ya mtu. Ungeniambia nicheke?"

"Ulibaki peke yako na mashine?"

"Nilibaki."

"Uliigusa?"

"Afande, mikono yangu yote miwili naihitaji."

"Maana yake nini?"

"Kile kitu kilikuwa wazi. Meno nje, kama fisi. Hata kimezimwa nilikiogopa. Nilisimama mlangoni nikimngoja arudi."

Debora alivuta stuli, akakaa. "Wazi vipi? Nionyeshe."

Mboje alichora duara sakafuni kwa kidole, akalizungusha mpaka likakutana. "Hivi. Duara zima. Aliporudi nikamwuliza, hii mashine haina kifuniko? Akasema kipo, bosi alikivua. Kinajaa maranda, kinakwama, kazi inachelewa. Akanyoosha kidole kwenye kabati, akasema kiko kule juu."

"Hukuwaeleza hayo waliokukamata?"

"Hawakuniuliza habari za mashine. Waliniuliza kwa nini nimeua."

Mkuu wa upelelezi wa wilaya alisoma maelezo hayo amesimama, mgongo kwenye dirisha la ofisi yake. Alipomaliza aliyaweka mezani, akayasukuma kwa Debora kwa ncha ya kalamu.

"Marehemu anazikwa kesho Mpui," alisema. "Vijana wa Mpui wameshajua jina la Mboje. Kutoka pale kwenda Laela kuna kaya za Wasukuma pembeni mwa barabara, na nyumba zao ni za nyasi. Unanielewa? Nataka leo jioni niwe na mtu wa kumpeleka mahakamani. Kinga iko kwenye mashine, umeiona kwa macho yako. Msukuma anasema haikuwepo. Na wewe, Msukuma mwenzake, unamwamini."

"Simwamini bado, afande. Natafuta kitu kisichokuwa na kabila."

"Kama nini?"

"Skrubu."

Mkuu alimwangalia kidogo, kisha akavuta jalada jingine. "Mpaka jioni," alisema.

*

Kabati lilikuwa kwenye kona, refu kupita kimo cha mtu. Debora alipanda juu ya benchi. Vumbi la mbao lilikuwa limetanda juu ya kabati, zito, halijaguswa muda mrefu. Katikati yake palikuwa na umbo lisilo na vumbi, limejipinda kama mwezi mchanga.

"Konstebo, kamera."

Walipiga picha. Kisha Debora akashuka na kumwambia Bruda ahakikishe tena kwamba plagi imechomolewa, ingawa ilikuwa pale pale mezani alipoiacha asubuhi. Bruda aliinua waya, akamwonyesha, akautua.

Kinga ilishikwa kwenye mkono wa mashine na kibamba cha chuma na skrubu mbili. Kabla bisibisi haijazigusa, Debora alizimulika kwa tochi. Skrubu nyingine zote za mashine zilikuwa zimezibwa na utomvu, huoni hata mahali pa kuingiza bisibisi. Hizi mbili zilikuwa na mikwaruzo inayong'aa.

"Fungua."

Bruda alifungua moja, akaiweka kwenye karatasi. Akafungua ya pili. Alipokibandua kibamba kilitoa sauti ndogo, kama gundi inayoachia. Akakigeuza upande wa chini, akakisogeza kwenye mwanga wa mlango.

Chini ya kibamba palikuwa na damu. Ilikuwa imetandazika, nyembamba, nyeusi, na maranda yamenasa ndani yake. Juu ya chuma cha mashine, pale kibamba kilipokuwa kimekaa, palikuwa na doa la namna hiyo hiyo.

"Damu ikiruka inaweza kupenya chini ya kibamba kilichokazwa?" Debora aliuliza.

"Ukingoni, kidogo. Katikati, haiwezi. Na haiwezi kuingia na maranda."

"Kwa hiyo damu ilitangulia, kibamba kikafuata."

"Ndivyo ninavyoona."

"Kilifuata baada ya muda gani?"

Bruda alikigeuzageuza kibamba. "Damu ingekuwa imekauka ingemeguka," alisema. "Hii ilibanwa ikiwa mbichi. Mtu aliifunga kinga hii damu ikiwa bado inateleza." Akakiweka kibamba kwenye karatasi kwa uangalifu, akafuta vidole kwa kitambaa, akaendelea kuvifuta hata vilipokuwa safi.

Debora aliichukua kinga, akapanda tena juu ya benchi, akailaza kwenye lile umbo juu ya kabati. Ilikaa bila kubakiza nafasi.

Ng'ambo ya barabara, mama mmoja aitwaye Silvana alikuwa na kibanda cha chai na mihogo ya kuchemsha. Jumamosi askari walikuwa wamemwuliza kama alimsikia Mboje akitukana, akasema ndiyo, wakaondoka. Debora alimkuta anachochea moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Chai?"

"Baadaye. Nataka kujua ya Jumamosi, baada ya jenereta kuzimika."

"Lilipozimika nilishukuru. Lile jenereta linatuumiza vichwa. Ndipo nikasikia wanapigilia."

"Wanapigilia nini?"

"Misumari, nilidhani. Kwenye bati, upande huu wa ukuta. Du, du, du. Inanyamaza, halafu tena."

"Kwa nyundo?"

Silvana aliacha kuchochea. "Hapana," alisema polepole. "Nyundo inalia kwenye bati. Hii ilikuwa nzito, haina mlio. Kama mtu anapiga teke."

"Iliendelea mpaka lini?"

"Nilianza kuosha vyombo inagonga. Nikaosha vikombe, nikaosha masufuria, nikamwaga maji. Ikawa inagonga mara moja moja. Nilipoanika vyombo ikakoma. Flavian alitoka baadaye, anapiga kelele kwamba Modesti amekufa."

Aliinua kifuniko cha sufuria, akakirudisha bila kuangalia ndani.

"Mimi nilikuwa hapa hapa," alisema. "Barabara tu katikati."

Debora alirudi karakana, akachuchumaa pale mwili ulipokuwa umelala. Kwenye bati la ukuta, chini kabisa, nyuma ya rundo la vipande vya mbao, palikuwa na mibonyeo imepandana, na juu yake alama za tope na damu za kisigino cha kiatu. Alimwita konstebo alete kamera.

*

Flavian alikaa upande wa pili wa meza, koti amelivua na kulikunja magotini. Debora aliweka mbele yake kinga, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, na bahasha yenye skrubu mbili. Konstebo alifungua ukurasa mpya.

"Mkaguzi wa viwanda alikuja lini?"

"Mwezi uliopita."

"Alisema nini?"

"Kwamba nirudishe kinga. Akaniambia akija tena akaikuta imevuliwa, anafunga karakana."

"Ukairudisha?"

"Alipokuwa pale."

"Alipoondoka?"

"Tulikuwa na fremu za nyumba ya wageni nzima, afande. Kinga ilikuwa inakwama kila saa."

"Ilikuwa inakwama kwa sababu imejaa maranda. Bruda anasema brashi ya kupakia rangi inatosha kuisafisha, kila jioni."

Flavian alilirekebisha koti magotini.

"Tulifungua kibamba," Debora alisema. "Chini yake kuna damu ya Modesti. Juu ya kabati lako kuna mahali kinga ilipokuwa imelala. Jumamosi Modesti alipokatwa, kinga ilikuwa juu ya kabati. Uliifunga baadaye, damu ikiwa mbichi."

Flavian alitazama mfuko wa nailoni. Alifumba macho, akafumbua.

"Ndiyo," alisema.

Sauti yake haikuwa na kitu ndani yake. Ilikuwa kama ya mtu anayejibu jina lake likiitwa.

"Ulipotoka kwenye jenereta, Modesti alikuwa hai."

"Ndiyo."

"Daktari ameandika kwamba ni mshipa mmoja. Kitambaa kikikazwa juu ya jeraha, mtu anafika hospitali. Gari lako lilikuwa wapi?"

"Nje, mlangoni."

"Eleza."

"Nilimkuta amekaa chini, ameegemea benchi, ameushika mkono. Damu ilikuwa inatoka kwa kuruka. Nikaona mashine iko wazi, nikawa kama namwona yule mkaguzi mbele yangu. Nikasema, nifunge kinga kwanza, kisha nimpeleke. Skrubu mbili tu. Nilishaizoea, naifunga upesi. Ya kwanza ikaingia. Ya pili ikaniponyoka, ikaanguka kwenye maranda."

"Ukafanya nini?"

"Nikaitafuta."

Kalamu ya konstebo ilisimama. Debora alimwashiria kwa kichwa aendelee.

"Modesti alisema nini?"

"Alisema, 'Bosi, nifunge mkono.'"

"Wewe ukasema nini?"

"Nikamwambia, 'Ngoja, nakuja.'"

"Halafu?"

"Akasema tena. Nikamwambia tena. Nilikuwa nimepiga magoti, nachambua maranda kwa vidole. Akajaribu kusimama, akaanguka karibu na ukuta. Ndipo akaanza kupiga bati kwa mguu."

"Mlikuwa chumba kimoja. Kwa nini agonge ukuta?"

Flavian alilikunja koti upya, akalilainisha kwa kiganja, akalikunja tena. Debora hakumharakisha.

"Kwa sababu aliona ninachotafuta," Flavian alisema.

Chumba kilikuwa baridi. Konstebo alipuliza vidole vyake, akaandika.

"Skrubu uliipata?"

"Niliipata. Nikaikaza. Nikapangusa kinga kwa shati lililokuwa kwenye benchi. Nilipogeuka alikuwa ametulia."

"Kisha ukamtaja Mboje."

"Alikuwa amegombana naye. Watu walisikia. Sikuhitaji kusema mengi."

Debora aliyavuta maelezo kutoka kwa konstebo, akayasoma yote kwa sauti, polepole, bila kupandisha wala kushusha. Alipofika kwenye maneno "Bosi, nifunge mkono" aliyasoma kama alivyosoma mengine. Akazigeuza karatasi upande wa Flavian.

"Kuna mahali nimekosea?"

"Hapana."

"Saini kila ukurasa."

Mboje alitolewa mahabusu kabla jua halijazama. Alipewa mkanda wake na kofia yake. Alisimama barazani akivaa mkanda, akikwepa kugusa mbavu.

"Basi la Laela linapita Mpui," alisema. "Kesho wanazika."

"Najua. Panda la mchana. Mimi nitatangulia asubuhi."

"Utawaambia?"

"Nitawaambia."

Mboje aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia. "Mbao zangu basi tena," alisema, akaenda kutafuta mahali pa kulala.

*

Msibani Mpui wanaume walikuwa makaburini wakichimba. Walipoliona Land Rover la polisi waliacha majembe, wakaja hadi barabarani. Debora aliwaeleza akiwa amesimama: mtu aliyekamatwa kwanza hakuhusika, ameachiwa, atapita na basi la mchana. Aliyehusika ni mwenye karakana, yuko ndani, amekiri. Mzee mmoja aliuliza kama ni Flavian huyu huyu aliyeleta jeneza. Debora akasema ni huyo. Wanaume walitazamana, wakatazama jeneza lililokuwa kivulini chini ya paa, limepigwa vanishi. Baada ya muda walirudi kuchimba.

Mke wa marehemu aliitwa Leonia. Alikuwa amekaa mkekani na wanawake wengine, wanachambua ulezi wa uji wa wageni. Pembeni yake alikaa mama mzazi wa Modesti, bibi mwembamba, amejifunika blanketi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu."

Leonia aliinuka bila kuambiwa, akampeleka Debora nyuma ya ghala la mahindi. Akakunja mikono kifuani.

"Sema tu, dada," alisema. "Nimeshachoka kuombwa nikae chini."

Debora alimweleza. Hakuruka kitu. Kinga, kabati, mkaguzi, skrubu iliyoanguka. Leonia alisikiliza akitazama shamba lililovunwa, mabua yamesimama makavu mpaka bondeni.

"Alikuwa peke yake?" aliuliza mwishoni, kana kwamba hakusikia.

"Hapana. Alikuwa na Flavian."

"Ingekuwa afadhali peke yake."

Debora naye alitazama mabua.

"Aliniita?"

"Flavian hakusema hivyo."

"Hakusema, au hukumwuliza?"

"Sikumwuliza."

Leonia aliitikia kwa kichwa, taratibu, mara kadhaa. "Usimwulize," alisema. Kisha, "Mahakamani haya yote yatasemwa?"

"Yatasemwa yote. Na Silvana ataitwa, na daktari, na Bruda."

"Nitakuja. Mama nitamwacha huku."

Walirudi mkekani. Leonia alikaa, akavuta ungo wake, akaanza tena kuchambua. Mikono yake ilifanya kazi kama kawaida, ikitupa vijiwe pembeni. Bibi alimsogelea.

"Leonia. Mgeni anasemaje?"

"Anasema wamemwachia yule Msukuma, mama."

"Kumbe siye aliyemuua?"

"Siye."

"Sasa nani?"

Leonia alipepeta ungo, akapuliza makapi.

"Mashine, mama."

Bibi alilifikiria jibu hilo. Akalivuta blanketi mabegani, akamwinulia Debora macho.

"Basi waizime," alisema.

"Tumeizima, mama," Debora alimjibu. Akavua viatu, akakaa mkekani karibu naye, akasogeza ulezi mbele yake.